Rula Inayoanzia Moja

Jumatatu, Machi 10

Kidaftari hiki nimekinunua leo kwa Rogers wa steshenari, na kina kazi moja tu: kuandika nani amelikaribia daftari langu la maswali, siku gani, na alikuwa na sura gani. Siku nikiitwa kuulizwa nataka niwe na tarehe. Machozi ninayo ya kutosha, tarehe ndizo sina.

Chanzo cha yote ni kibua.

Chuoni kwetu, sisi wa mwaka wa kwanza hupewa kila Jumatatu karatasi yenye maswali manne: la hesabu, la uchumi, la uhasibu na la fizikia. Tunairudisha Alhamisi. Alama zake zinaingia kwenye matokeo ya muhula, na ukikamatwa umenakili kazi ya mwenzako unafutiwa muhula wote. Kwa lugha yetu, umedisko. Wiki iliyopita swali la uchumi lilitaka tuchore mahitaji ya samaki bei inapopanda. Mimi ni mtu wa Kunduchi, nikachora na pembeni nikaandika "bei ya kibua" bila hata kufikiri. Leo Mwalimu Kornelio, ambaye ndiye anayesahihisha zote, amesimama mbele yetu na karatasi mbili mkononi.

"Mie niliuliza samaki," akasema. "Hapa kuna watu wawili wameniletea kibua. Mmoja kavua, mwingine kaiba. Siwataji leo. Ila nawaangalia."

Darasa zima likacheka. Mimi nilicheka pia, tena kwa sauti, maana asiyecheka ndiye anayetazamwa. Lakini huku nacheka nilikuwa nakagua nyuso. Kibua kile ni changu, na kuna mtu amekaa humu darasani akijua hivyo.

Jumanne, Machi 11

Niandike mambo yalivyo, ili hata mgeni akisoma aelewe.

Baba yangu, Mzee Leonardi, ni mchonga vinyago. Banda lake liko Mtongani, kando ya barabara, na mimi maswali nafanyia humo, kwenye meza yake, kwa sababu chumba chetu kinavuja na masika ndiyo kwanza yanaanza. Jumanne mchana ninakokotoa kwenye daftari. Daftari linabaki bandani, juu ya rafu, pembeni ya misasa. Jumatano mchana ni zamu ya kundi langu maabara chuoni. Jioni narudi, nanakili safi kwenye karatasi, na Alhamisi nawasilisha.

Kalamu ni zangu. Rula ni ya Baba, ya mbao, na kichwa chake kilikatwa na msumeno zamani, hivyo haina sifuri, inaanzia moja. Kila mtu wa bandani anajua: ukipima, toa moja.

Na hili niliandike mara moja tu, sitarudia. Baba alikuwa na gogo la mpingo alilokuja nalo kutoka Newala, kalilaza miaka kumi na moja akisubiri kulichongea kazi moja kubwa ya maisha yake. Mwaka jana aliliuza bila kulichonga ili nianze chuo. Kilichobaki ni kipande kimoja kinachozuia mlango usifungwe na upepo. Nikidisko, gogo limeenda bure.

Alhamisi, Machi 13

Ninaowashuku, kwa mpangilio.

Kwanza, Sania Haiderali wa Mbezi Beach. Tunakaa dawati moja. Ni mpole mno, na mtu akiwa mpole mno kwangu huwa najiuliza anataka nini. Kila Jumatatu huuliza, "Flavi, namba nne umeionaje?" Mtu asiyekuwa na shida na namba nne angeiulizia ya nini?

Pili, Rogers. Nikienda kutoa kopi ya notsi anasoma huku mashine inapiga. Anasoma kweli, midomo inacheza.

Tatu, Brightson wa Mbweni. Sijawahi kumwona amefungua daftari, na anapata nane na tisa. Ila huyu ana adabu ya kuchosha, yeye humvulia kofia hata mlinzi wa geti na kumpa shikamoo. Na hajawahi kukaa karibu yangu hata siku moja, kwa hiyo sioni angepitia wapi.

Jumatano, Machi 19

Mvua. Maabara ilichelewa kuisha. Nimekuta daftari langu bandani limelala kifudifudi. Jana nililiacha chali.

Alhamisi, Machi 20

Ukurasa wa swali la hesabu una doa jeusi pembeni, la kidole, laini, ukiligusa linatia weusi. Sania anapaka wanja. Yuko kwenye mfungo na bado anapaka wanja. Daftari nilikuwa nalo begini leo tangu asubuhi, na begi nililiacha kwenye dawati nilipokwenda kunawa.

Nimemtazama macho tu mpaka akaniuliza kama nina homa.

Jumatatu, Machi 24

Mvua. Maswali mapya. La uhasibu gumu.

Alhamisi, Aprili 3

Mfungo umeisha, na Sania ameleta sambusa za nyumbani kwao, kanitengea mfuko wangu peke yangu. "Mama kasema hizi za Flavi," akaniambia. Mama yake ananijuaje? Nimezila, nilikuwa na njaa, lakini nilizila nikiwa nimeweka kiwiko juu ya daftari.

Baadaye akauliza tena kuhusu namba nne. Nikamwambia imenishinda. Haikunishinda.

Jumanne, Aprili 8

Brightson kapata tisa, mimi nane. Swali la uhasibu lilikuwa la uchakavu wa mashine ya kusaga: unatoa kwanza thamani itakayobaki, ndipo unagawa kwa miaka. Mimi nilipoteza alama kwa mwandiko. Nilipomuuliza Brightson alifikaje kwenye jibu lake, akacheka, "Aah, sista, mie mambo yananijiaga tu kichwani." Kichwani! Hesabu za uchakavu hazimjii mtu kama wimbo.

Nimemsogeza awe wa pili. Rogers ameshuka.

Jumatano, Aprili 9

Mvua kubwa, maji yamekata njia ya kwenda kwa Mama Sesilia, jirani yetu anayeuza dagaa. Nilirudi kutoka maabara nimeloa. Baba alikuwa anasugua kinyago kwa msasa, ana furaha zake.

"Wenzio wa chuo wana adabu siku hizi," akasema.

"Adabu gani, Baba? Wezi watupu."

Akacheka, akaendelea na msasa. Baba anadhani vijana wote wa chuo ni watakatifu kwa sababu yeye aliishia darasa la nne.

Jumanne, Aprili 15

Leo nimetega. Nimefanya swali la hesabu mara mbili. Jibu la kweli liko kwenye daftari, bandani. La uongo nimeliandika kwenye karatasi, nikabadili alama ya kutoa ikawa ya kujumlisha katikati ya kazi, nikaichomeka ndani ya kitabu changu cha fizikia, ncha ikiwa nje. Kesho asubuhi nitakiacha kitabu juu ya dawati nitoke. Tuone nani atakuja na jibu la uongo.

Jumatano, Aprili 16

Nimekiacha. Nimetoka. Nimerudi. Karatasi ipo palepale.

Alhamisi, Aprili 17

Nimemkamata! Kabla hatujakusanya kazi, Sania kaniinamia na kuninong'oneza: "Flavi, usikasirike. Karatasi yako ilidondoka jana nikaiokota. Namba moja umekosea alama, pale pa kutoa umejumlisha. Rekebisha kabla hajaja."

Kwa hiyo anasoma vitu vyangu. Kasema kwa mdomo wake mwenyewe. Kazi yake mwenyewe aliyowasilisha niliichungulia, ilikuwa sahihi, lakini hilo halinibabaishi, linaonyesha tu kwamba ni mjanja na hakuingia mtegoni. Mwizi mwenye akili huwa hivyo, anakurudishia kidogo ili usimshuku kwa kikubwa.

Nimekosa raha siku nzima. Hata sijui kwa nini, maana nilichokitafuta nimekipata.

Jumapili, Aprili 20

Pasaka. Kanisani, pilau, mvua.

Jumatano, Aprili 30

Doa jingine jeusi. Mara hii kwenye uchumi. Nimelinganisha na la kwanza, kidole kilekile.

Jumatatu, Mei 5

Swali la nne wiki hii halitoki kitabuni. Mwalimu Kornelio anataka kila mtu achukue kipande cha mbao kwao, apime urefu, upana, kimo na uzito, akokotoe msongamano, yaani uzito gawa kwa ujazo, kisha aseme kitaelea majini au kitazama. "Safari hii hamna pa kudesa," akasema, "maana vipande vyenu havifanani." Halafu akatutazama, na macho yake yakakaa kwangu kuliko kwa wengine. Au nimejionea tu.

Jumanne, Mei 6

Nimegombana na Sania asubuhi, kwenye korido, mbele ya watu.

Aliniuliza nitatumia mbao gani. Swali la kawaida kabisa, nikilitazama sasa. Lakini nilikuwa nimebeba miezi miwili kifuani na ikatoka yote. Nikamwambia aache kunifuata, nikamwambia najua kuhusu kibua na kuhusu wanja wake kwenye kurasa zangu. Akawa ananitazama tu, mdomo wazi. Ndipo nikasema: "Kwenu kila kitu mnanunua. Hiki cha kwangu umeona ukichukue bure."

Watu wakaguna. Sania alichukua begi lake dawatini akaenda kukaa mbele kabisa, karibu na dirisha linaloingiza mvua, na alikaa hapo mpaka kipindi kikaisha.

Nilijisikia vizuri. Naandika kama ilivyokuwa, nilijisikia vizuri mpaka nikafika getini.

Mchana nimefanya maswali bandani nikiwa bado na hasira. Kwa swali la nne nimechukua kile kipande cha mpingo kinachozuia mlango. Urefu sentimita 13, upana 6, kimo 5. Nimekipima uzito kwa mizani ya Mama Sesilia, gramu 294. Ujazo 390. Msongamano 0.75. Ni chini ya moja, ambayo ni ya maji, kwa hiyo kinaelea. Nimemaliza, nimefunga daftari, nimeliweka rafuni.

Alhamisi, Mei 8

Nimewasilisha. Kiti cha pembeni yangu kitupu.

Jumatatu, Mei 12

Mwalimu Kornelio kaniita ofisini. Juu ya meza karatasi mbili, yangu na ya Brightson.

13, 6, 5. 294. 0.75. Zote mbili. Hata mahali nilipokata namba kwenye daftari langu na kuandika upya, Brightson naye kakata.

Nilifurahi! Kwa sekunde kama tatu nilifurahi, nikadhani mwizi kapatikana. Kisha mwalimu akaweka kidole kwenye neno moja. Karatasi ya Brightson inasema "kipande cha mninga, kitaelea". Yangu inasema "kipande cha mpingo, kitaelea".

"Mninga unaelea," akasema Mwalimu Kornelio, taratibu. "Na uzito huo ni wa mninga kabisa. Sasa wewe, Flaviana, binti wa mchonga vinyago. Mpingo uliuona wapi ukielea?"

Nikalisoma tena neno lile, mwandiko ni wangu.

"Mie nakueleza ninachokiona. Ninaona mtu aliyechukua namba za mwenzake, akabadili jina la mti ili zisifanane, na hata jina lenyewe hakulifikiria. Na zile karatasi mbili za kibua zilikuwa zenu ninyi wawili pia, nimeangalia. Jumatatu ijayo saa nne asubuhi, kamati. Mpaka hapo usiingie darasani."

Nilitoka bila kuaga. Nimemkuta Sania kwenye ngazi, anatoka ofisi ya taaluma, ana karatasi mkononi. Akanipisha. Kwa hiyo ni yeye aliyenichongea. Kalipa deni lake.

Jumanne, Mei 13

Mvua tangu asubuhi. Sijamwambia Baba. Nimemdanganya kwamba tumepewa mapumziko.

Jumatano, Mei 14

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Asubuhi nilikwenda bandani kwa sababu nyumbani sikuweza kukaa. Nikachukua kipande cha mpingo mlangoni, nikajaza ndoo maji ya mvua, nikakitumbukiza. Kikaenda chini kama jiwe, kikagonga kitako cha ndoo. Baba akageuka.

"Unafanya nini na mlango wangu?"

"Nilipima kikaelea."

"Mpingo ukaelee? Tangu lini?" Akaacha tezo yake ya kuchongea, akaja akachungulia daftari langu. Akasoma namba kwa kidole. Kisha akaiokota rula mezani, akanionyesha kichwa chake kilichokatwa.

Toa moja. Nimekulia kwenye rula hii. Tangu nina miaka mitano natoa moja. Siku moja tu ya hasira nikasahau, mara tatu, kwenye urefu na upana na kimo. Ni 12 na 5 na 4. Ujazo 240. Msongamano ni 1.2 na kitu, na mpingo unazama kama unavyozama siku zote. Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao nikalia, nikamwambia Baba yote: kibua, Mwalimu Kornelio, kamati, gogo lake.

"Kuna mtu kachukua kazi yangu, Baba. Neno kwa neno. Anaitwa Brightson."

"Brightson?" Baba akakunja uso. "Si yule mwenzio wa Jumatano?"

Mvua ilikuwa inapiga bati, nikadhani sikusikia vizuri.

"Anakujaga kila Jumatano ukiwa maabara," akasema Baba. "Shikamoo mzee, habari za kazi mzee. Anasema wewe ndo umemtuma. Namtolea daftari, namfungulia ukurasa, anakaa hapo kwenye kigogo, anaandika, anashukuru, anaenda. Nimempa na chai."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba mwenzio kaja? Mie nilijua unajua. Si nilikuambia wana adabu?"

"Baba! Ameniibia!"

Hapo ndipo akanishangaa kweli. "Kuangalia ni kuiba? Flavi, hapa bandani nani kanifundisha mie kuchonga? Hakuna. Nilikaa kwenye kigogo nikaangalia kazi ya mjomba, nikaiga, nikakosea, nikaiga tena. Hawa vijana wote unaowaona barabarani wanachonga, wamekaa kwenye kigogo hicho. Sijamficha mtu kinyago hata siku moja. Nikadhani na namba ni hivyo hivyo."

Akanyoosha mkono kufunga daftari. Kidole gumba chake kilikuwa cheusi kwa dawa ya viatu, ile wanayong'arishia vinyago, na kikaacha doa pembeni ya ukurasa. Laini. Ukiligusa linatia weusi.

Nimelilinganisha na yale mawili ya zamani, ni kidole kilekile.

Nimerudi kwenye kidaftari hiki nikasoma tangu mwanzo. Nimeandika watu watatu ninaowashuku na nikawapanga na kuwapangua. Mtu pekee aliyeshika daftari langu kila wiki sikumwandika, kwa sababu sikufikiria kumuuliza. Na Brightson nilisema sioni angepitia wapi. Alipitia mlangoni, akapewa kiti.

Ijumaa, Mei 16

Baba ananoa patasi ambazo tayari ni kali. Kaniuliza mara mbili kamati ni watu wangapi.

Jumatatu, Mei 19

Baba kavaa shati la kanisani. Kabeba kiroba, ndani yake rula, kipande cha mpingo na mizani ya Mama Sesilia. Chumbani walikuwa Bi. Khatija, mkuu wa taaluma, Mwalimu Kornelio na walimu wengine wawili. Brightson alikuwa ameshakaa. Alipomwona Baba akasimama, mazoea yakamtoka mdomoni kabla hajafikiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akajibu Baba. "Jumatano hukuja."

Bi. Khatija akawatazama wote wawili, kisha akaandika kitu.

Wakaanza na Brightson. Kipande chake cha mninga kiko wapi? Akasema nyumbani wamekipikia. Kipande cha mbao cha kazi ya chuo, wamekipikia? Ndiyo, dada wa kazi hakujua. Alipima kwa rula gani? Rula ya kawaida.

Ikawa zamu yangu. Nilikuwa nimejiandaa na tarehe zangu zote, nikafungua kidaftari hiki, na kila ukurasa niliofungua ulikuwa na Sania. Nikakifunga. Nikamwomba Mwalimu Kornelio apime kipande cha mpingo kwa rula ya Baba, asome namba kama zilivyoandikwa. Akasoma: kumi na tatu. Sita. Tano. Mizani: mia mbili tisini na nne. Nikamwomba apime tena kwa rula yake ya chuma. Akapima, akapima mara ya pili. Kumi na mbili. Tano. Nne.

"Rula ya mzee haina kichwa," nikasema. "Inaanzia moja. Nilikuwa na hasira nikasahau kutoa. Hizo namba haziwezi kutoka popote duniani isipokuwa kwenye kipande hiki na rula hii. Nimekosea, lakini kosa ni langu."

Wakaomba ndoo kwa mfanya usafi. Kipande kikazama. Mwalimu Kornelio alibaki ameinama juu ya ndoo kwa muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Brightson akaanza kutokwa jasho. "Lakini mzee mwenyewe ndo alikuwa ananipa," akasema. "Muulizeni! Sikuiba mie."

"Kweli," akasema Baba. "Nilimpa mie. Kosa la kutoa daftari ni langu, kama kuna adhabu ya hiyo niandikeni. Ila mheshimiwa, anayekaa kwenye kigogo changu anaangalia, anaiga, kisha anachonga cha kwake. Hajatokea aliyebeba kinyago changu akaenda kukiandika jina lake. Huyu kijana nilimpa chai. Sikujua kuwa anabeba na jina."

Bi. Khatija akatoa karatasi kwenye faili lake. "Tuliwaomba waliokaa dawati moja na watuhumiwa watoe maelezo. Haya ni ya Sania Haiderali, ya tarehe kumi na mbili." Akasoma. Nanukuu ninavyokumbuka, na nakumbuka vizuri:

"Nimekaa na Flaviana wiki nane. Anaziba daftari lake kwa mkono hata nikipitisha kalamu. Sidhani kama anaweza kunakili kwa mtu yeyote, kwa sababu hamwamini mtu yeyote majibu yake. Hesabu zake ni zake, na makosa pia. Sasa hivi hatusemeshani, lakini hilo ni jambo jingine."

Walimu wawili wakatabasamu. Mimi niliinamisha kichwa mpaka nikaona nyuzi za zulia. Tarehe kumi na mbili. Ile karatasi ya kwenye ngazi.

Brightson kafutiwa muhula. Mimi narudi darasani kesho. Tulipokuwa tunatoka Mwalimu Kornelio akaniita.

"Flaviana. Swali la nne, mpingo hauelei. Sifuri."

"Sawa, mwalimu."

"Na samahani," akaongeza, akamgeukia Baba akampa mkono kwa mikono miwili.

Jumanne, Mei 20

Nimerudi darasani. Watu wananisalimia kuliko zamani. Sania yuko palepale dirishani. Sikuthubutu.

Alhamisi, Mei 22

Nimethubutu. Nimemfuata baada ya kipindi, nikasimama mbele ya dawati lake nikasema nimekosa. Nikasema nimesikia alichoandika. Nikasema lile neno la kwenu mnanunua nalijutia kila siku, na wanja haukuwa wanja. Nililia, naye hakulia.

"Siku zote nilikuwa najua unaniandika," akasema. "Kile kidaftari kidogo. Nikicheka unaandika, nikileta chakula unaandika. Mie nikawa najiuliza, hivi nimefanya nini?"

"Hukufanya kitu."

"Basi naomba nikisome."

Nikamwambia kina mambo mabaya.

"Najua. Ndo maana nakitaka. Nikishasoma ndo nitajua kama nakusamehe. Sitakudanganya, sijui."

Ijumaa, Mei 23

Mvua zimekatika. Jua kali, banda linanuka mbao zinazokauka, na Baba ametoa kila kitu nje.

Nimekisoma kidaftari chote leo, tangu kibua. Mara tatu nimeshika ukurasa wa Mei 6 nikataka kuuchana. Nimeuacha. Sania, sijachana chochote. Huo wa Mei 6 ndio mbaya kuliko yote, usiuruke. Huo wa Aprili 17, uliponirekebisha alama ya kutoa, ndio ninaouonea aibu zaidi, kwa sababu ulikuwa unanisaidia na mimi nikapata furaha ya kukukamata. Na zile sambusa zilikuwa tamu. Sikuandika hivyo siku ile.

Kwenye kiti cha pembeni yangu sitaweka begi wala mtu. Ukiamua kubaki dirishani nitaelewa.

Kidaftari nilikiacha rafuni mchana nilipokwenda kisimani. Sikukificha. Kwa hiyo ukikuta madoa meusi kwenye kurasa, usidhani ni mimi niliyelia juu ya wino. Baba amekisoma kabla yako.